Namba ya Muda ya Kufungulia WhatsApp, Telegram au Signal

Unauza viatu Kariakoo, unatangaza mtandaoni, na hutaki namba anayokupigia mama isambae kwa kila mteja. Usikimbilie namba za bure za mtandaoni. Namba moja inatumiwa na watu wengi, na SMS zake zinasomwa na yeyote aliyefungua ukurasa ule. Namba ya uthibitisho ikiingia, mnaiona wote. Mara nyingi hata hufiki huko: namba ilishatumika, au inakataliwa. WhatsApp haipokei namba za VoIP, yaani za kupigia kwa intaneti.

Ukikodi namba ya muda, kodi kwa mwezi. Achana na ile ya kupokea SMS moja tu. Anayepokea SMS ndiye anayeweza kuichukua akaunti. Muda wako ukiisha namba inapewa mtu mwingine, na akijisajili nayo, wewe unatolewa.

Wakati wa kujisajili, chagua nchi ya namba hiyo badala ya Tanzania. Omba SMS mara moja, kisha subiri muda unaohesabiwa uishe. Ukibonyezabonyeza utafungiwa kwa saa kadhaa. Akaunti ikifunguka, weka namba ya siri hapohapo: kwenye WhatsApp ingia Mipangilio, Akaunti, kisha uthibitishaji wa hatua mbili. Weka na barua pepe, maana bila hiyo ukisahau utasubiri siku 7. Namba ya siri inamchelewesha aliyerithi namba yako, haimzuii moja kwa moja. Kwa hiyo kabla kodi haijaisha, hamishia akaunti kwenye namba nyingine kwa kipengele cha kubadilisha namba.

Kwa mfanyabiashara wa Dar, laini ya pili ni bora kuliko hayo yote. Isajili kwa wakala kwa namba ya NIDA na alama za vidole, halafu iweke kwenye WhatsApp Business. Inakaa simu moja na WhatsApp yako ya kawaida. Kisha piga *106# uhakikishe hakuna laini usiyoijua iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako. Angalizo kubwa: ukiifungulia huduma ya pesa, mtu akianza kukutumia hela, jina lako la usajili linamtokea kabla hata hajaweka namba ya siri. Mpe mteja Lipa Namba yenye jina la biashara. Laini hiyo usiitelekeze. Isipotumika, mtandao utaifunga na kuiuza upya.

Signal na Telegram zinataka namba wakati wa kujisajili, ila unaweza kutumia yako halisi ukaificha. Signal ina majina ya watumiaji tangu 2024: tengeneza lako, kisha kwenye Faragha, sehemu ya namba ya simu, zuia wote wasiione wala kukutafuta kwayo. Telegram nayo ina mpangilio wa kuficha namba, lakini ukimhifadhi mtu mpya kuna kisanduku cha kumwonyesha namba yako. Ondoa tiki kabla hujahifadhi.