Embe Likianguka, Hasara Huonekana Siku ya Tatu

Msimu wa maembe ukianza, kuanzia Novemba hivi, ukipita Pugu, Chanika au Kigamboni utawakuta vijana juu ya miembe wakitikisa matawi, na wenzao chini wakiokota. Kazi inakwenda haraka, matenga yanajaa kabla jua halijawa kali, na siku hiyohiyo mzigo unafika soko la Buguruni ukionekana hauna kasoro. Siku ya tatu au ya nne mteja anapasua embe na kukuta nyama imegeuka kahawia upande mmoja. Mchuuzi akirudi kwako atakata bei, au hatarudi kabisa. Wakulima wengi husingizia joto la Dar na barabara mbovu. Vyote vinachangia, lakini mara nyingi jeraha lilianzia pale pale chini ya mti.

Tunda likiwa juu lina nishati inayotokana na mambo mawili: uzito wake na kimo lilipo. Hesabu yake si ngumu: zidisha kilo kwa mita, kisha kwa 9.8 (namba ya mvuto wa dunia), utapata jouli, yaani kipimo cha nishati. Embe dodo la nusu kilo likianguka kutoka mita 6 linafika chini na jouli 29 hivi. Likianguka kutoka mita 3, nishati ni nusu ya hiyo. Embe dogo la gramu 200 kutoka mita hizo hizo 6 linabeba jouli 12 tu, ingawa yote mawili yanatua kwa kasi ileile, karibu kilomita 39 kwa saa. Uzito hauliharakishi tunda, bali unazidisha kishindo. Ndiyo maana dodo kubwa, lile lenye bei nzuri kuliko yote mtini, ndilo linaloumia zaidi ukitikisa tawi.

Nishati hiyo lazima iishie mahali. Ardhi ikiwa ngumu, embe linasimama ndani ya sentimita moja tu, na kwa muda mfupi mno linabanwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 300. Likipokelewa na wavu unaobonyea sentimita 30, nguvu hiyo inashuka hadi kama kilo 10. Nishati ni ileile, ila imepewa nafasi ya kuisha polepole. Kwa hiyo turubai lililotandazwa chini linakuepushia mchanga tu, halipunguzi pigo. Lazima liinuliwe lisiguse ardhi, watu wanne wakishika pembe, tena walilegeze kidogo. Nyavu chakavu za uvuvi zinafaa ikiwa macho yake ni madogo, lakini tandika kitambaa juu yake, maana mafundo huchubua ganda.

Hata hivyo, wavu nauhesabu kama njia ya pili. Ya kwanza ni kulizuia embe lisianguke kabisa. Chukua upondo mrefu, mdomoni ufunge kifuko cha kitambaa kinene na kisu kidogo, ukate embe pamoja na kipande cha kikonyo. Kikonyo kikikatwa karibu sana na tunda, utomvu hutiririka na kuunguza ganda. Kasi ya kuvuna itapungua, na vibarua watalalamika, hasa kama unawalipa kwa tenga. Basi walipe kwa siku.

Yaliyokwisha kuanguka yasichanganywe na yaliyochumwa. Tunda lililojeruhiwa huiva upesi, na gesi linayoitoa huyaharakisha yaliyo jirani yake ndani ya tenga. Uza yaliyoanguka siku hiyohiyo kwa wauza juisi, au yakiwa mabichi yapeleke kwenye achari.

Upakuaji nao una mtihani wake. Tenga la kilo 50 likisukumwa kutoka kwenye bodi ya Kenta, mita 1.2 juu, linafika chini na jouli 588, na maembe ya chini kabisa ndiyo yanayobebeshwa kishindo chote. Watu hulidharau tone hilo kwa sababu ni fupi. Watu wawili walishushe kwa mikono hadi chini. Kreti za plastiki za kilo 20 ni bora zaidi: hazimshindi mtu, hivyo hashawishiki kuzibwaga.

Kwenye minazi hesabu inageuka kuwa ya usalama. Nazi ya kilo moja na nusu kutoka mita 15 inatua kwa zaidi ya kilomita 60 kwa saa ikiwa na jouli 220, inayotosha kuua mtu. Nazi iliyokomaa huvumilia kwa sababu kumbi lake nene hulainisha pigo, hasa mchangani. Dafu, ambalo kifuu chake bado laini na limejaa maji, hupasuka. Madafu yafungwe kamba kwenye kole na kuteremshwa. Kabla mkwezi hajaanza kuangua, watoto na kuku waondolewe, na mtu mmoja asimame mbali kuwazuia wapita njia. Kwenye viwanja vya mjini, ambako mnazi mmoja unaegemea bati la jirani na bajaji imeegeshwa chini yake, usisubiri nazi zidondoke zenyewe wakati wa upepo wa kusi. Angua mapema.

Uzito wa tunda huwezi kuupunguza, wala hutaki. Kimo unaweza. Mwembe wa kubebeshwa, yaani uliopandikizwa kwenye shina la mwembe mwingine, ukipogolewa kila baada ya mavuno hubaki mita 4 au 5, na sehemu kubwa utaichuma ukiwa umesimama ardhini. Kwa minazi, ulizia aina fupi TARI Mikocheni, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, ambao wana utafiti wa zao hilo. Mnazi mfupi huzaa mapema na madafu yake ni matamu, ila hauvumilii ukame kama ule mrefu wa pwani, kwa hiyo kama huna maji ya kumwagilia kiangazi, panda michache kwanza uone.