SOMO: Mwenzako anaogopa bunduki? Anzeni mezani, uwanjani baadaye

Wakuu, somo hili ni la walioko Marekani, ambako bunduki ndani ya nyumba ni kitu cha kawaida, lakini mmoja wenu amekulia mahali ambapo bunduki ni ya polisi na mlinzi wa benki tu. Hatumtengenezi mlenga shabaha hapa. Tunataka aweze kukaa nyumba moja na hicho chuma bila moyo kumwenda mbio, na ajue la kufanya akikikuta mahali kisipopaswa kuwa. Akitaka kufyatua, hiyo ni nyongeza.

Kabla hamjaanza

Kwanza karatasi zenu. Mwenye viza ya muda, kama ya masomo (F-1) au ya kazi (H-1B), kwa sheria ya shirikisho haruhusiwi kushika bunduki wala risasi, hata ya kukodi kwenye uwanja wa shabaha, isipokuwa ana sababu inayomtoa kwenye katazo, mfano leseni halali ya uwindaji. Mwenye kadi ya kijani hazuiwi na kifungu hicho. Watu wanaliruka hili kwa kusema "ni mazoezi tu bwana", kisha wanahatarisha ukaaji wao.

Pili, hofu yenyewe imetoka wapi? Kama umewahi kumtishia, au mkigombana macho yake yanakimbilia kabati lenye bastola, huna cha kumfundisha. Huyo haogopi bunduki, anakuogopa wewe, na ana haki. Itoke nyumbani. Itoke pia kama mmoja wenu anapita kipindi cha kukata tamaa ya maisha. Namba ya msaada ni 988, saa 24.

Hatua ya 1: Mezani, dakika 15 kwa siku

Risasi zote zifungiwe chumba kingine. Mbele yake, toa magazini (kasha la risasi), vuta nyuma bolti (chuma kinachosukuma risasi ndani), tazama ndani ya chemba (tundu ambamo risasi hukaa tayari kufyatuliwa), kisha ingiza ncha ya kidole kidogo uhakikishe ni patupu. Mpangilio huo usigeuzwe. Ukivuta bolti wakati magazini bado imo, risasi moja inaruka nje, unafurahi, na bolti ikirudi mbele inapandisha nyingine. "Sikujua kama ina risasi" nyingi huzaliwa hapo.

Usimkabidhi mkononi. Ilaze mezani ikiwa wazi, mtutu ukielekea upande usio na mtu (ukuta wa zege wa chini ya nyumba, kama upo, ndio bora), wewe kaa pembeni. Siku ya kwanza anatazama. Siku nyingine anagusa. Akizoea, anaikagua mwenyewe toka magazini hadi chemba, na wewe unanyamaza. Akisema basi, ni basi: sefu inafungwa, mnakula.

Hapo ndipo afundishwe sheria nne: kila bunduki ichukuliwe kuwa ina risasi, mtutu usielekee kitu usichokuwa tayari kukiharibu, kidole kikae nje ya triga (kifyatulio) hadi umeshalenga, ijue shabaha na kilicho nyuma yake. Hiyo ya nne wengi wetu tunaidharau kwa sababu tumelelewa kwenye nyumba za tofali. Kuta nyingi za huku ni jasi na mbao, na hata risasi ndogo ya .22 (kipenyo cha inchi 0.22 hivi) inapita chumba hadi chumba.

Hatua ya 2: Masikio

Kwa wengi kinachotisha ni mlio. Mwili unaruka kabla akili haijajua kitu. Bunduki ndefu ya .22 hufika desibeli 140 hivi, kiwango ambacho hata mshindo mmoja unaweza kudhuru sikio. Bastola ya 9mm inakaribia 160. Kwa hiyo avae tabaka mbili: vizibo vya sponji ndani, hedifoni za kuzuia kelele juu. Namba za kupunguza kelele zilizo kwenye pakiti hazijumlishwi. Tabaka la pili linaongeza desibeli 5 hivi tu, ila kwa mtu mwenye hofu hizo 5 ni nyingi.

Kizibo kinavaliwa vibaya kuliko kifaa kingine chochote uwanjani. Kiviringishe kwa vidole hadi kiwe chembamba kama kijiti cha kiberiti. Mkono wa pili upite juu ya kichwa, uvute sikio juu na nyuma. Ingiza, shikilia sekunde 30 kivimbe ndani. Kikichomoza kama uyoga, hakijaingia. Kitambaa cha hijabu au kilemba kikikaa chini ya mto wa hedifoni, sauti inavuja. Hedifoni zikae kwenye ngozi, mtandio uje juu yake. Ajaribu nyumbani: avae vyote, kisha akuruhusu ugonge sufuria kwa mwiko.

Hatua ya 3: Silaha ya kuanzia

Bunduki ndefu ya .22 ya bolti ya kuvutwa kwa mkono, inayopakiwa risasi moja moja. Teke lake, yaani jinsi inavyokusukuma nyuma ikifyatuka, ni dogo mno. Mbaya kuliko zote ni ile tabia ya kumpa mgeni shotigani ya geji 12, bunduki yenye teke kali, halafu simu zinarekodi akiyumba. Hapo umemfundisha kuogopa kwa miaka. Na bastola ndogo "ya mkoba wa mama" ni mtego: jinsi ilivyo nyepesi, ndivyo teke linavyokuwa kali.

Nunueni risasi zisizofikia kasi ya sauti. Hazina ule mpasuko wa hewani. Kwenye bunduki inayojipakia yenyewe mara nyingi hukwama kwa kukosa nguvu ya kurudisha bolti. Ndiyo sababu nimesema ya bolti.

Hatua ya 4: Uwanjani

Nendeni asubuhi ya siku ya kazi, uwanja wa nje ukipatikana. Ndani ya jengo mlio unagonga kuta na kurudi, na jirani mmoja mwenye bunduki kubwa anaharibu kazi ya wiki tatu. Kama ni ndani, ombeni njia (nafasi ya kufyatulia) ya mwisho kushoto. Silaha nyingi hutupa maganda ya risasi kulia, kwa hiyo hapo hamtamwagiwa ya mtu.

Blauzi iwe ya shingo iliyofunga. Ganda la moto likiingia kifuani, mtu hugeuka akirukaruka na bunduki mkononi. Hiyo ndiyo hatari, kuungua ni kitu kidogo. Mwambie mapema: bunduki chini kwanza, ganda baadaye.

Mlipeni mwalimu. Wewe simama nyuma ya mstari, mdomo umefungwa. Asimame kwanza dakika 10 akisikiliza tu. Kisha risasi moja, mita 5, shabaha ikiwa sahani ya karatasi, si picha ya mtu. Aweke chini, apumue. Halafu nne. Siku ya kwanza isizidi 20, na muondoke angali anataka zaidi.

Mikono ioshwe kwa sabuni na maji baridi kabla ya kula chochote, kwa sababu risasi zina risasi, yaani madini yenyewe, na vumbi lake ni sumu. Mjamzito asiende kabisa.

MASWALI YA WANACHAMA

Shemeji wa Dallas: Mke wangu sasa anapiga, lakini zote zinatua chini ya sahani. Ubovu wa bunduki?

*Jibu:* Anasubiri mlio, anausukuma mtutu chini kabla haujaja. Mwalimu amchanganyie risasi bandia za plastiki bila yeye kujua ipo ipi. Ikija bandia, mtutu utainama bila mlio na atajiona mwenyewe. Akijiona mara tano hivi, huanza kujirekebisha. Usimwambie "usiogope", haisaidii.

Papa Furaha: Mke wangu alikimbia vita Uvira, Kongo, akiwa mtoto. Hata fataki za Julai 4 anaingia chini ya meza. Nifuate hatua hizi?

*Jibu:* Hapana, ndugu. Hiyo si hofu ya ugeni, ni kumbukumbu ya vita, na bunduki mezani inaweza kuiamsha upya. Aanze na mshauri wa afya ya akili anayejua kazi na wakimbizi; ulizeni shirika lililowapokea. Asipotaka kuiona bunduki maisha yake yote, hajashindwa kitu.

Kijana wa Columbus: Triga imevutwa, kimya. Tunafanyaje?

*Jibu:* Mtutu ubaki kwenye shabaha sekunde 30, maana baruti huweza kuchelewa kuwaka. Ndipo ufungue bolti. Ikisikika "pu" dhaifu, usipige nyingine: huenda kichwa cha risasi kimebaki ndani ya mtutu, na inayofuata inaweza kuupasua.

Mama Wawili: Kwetu ni kinyume. Mwenye bastola ni mimi, mwoga ni mume, na yuko kwa viza ya masomo. Nimpe namba ya sefu kwa dharura?

*Jibu:* Usimpe, dada. Kuweza kuifikia silaha kunaweza kuhesabiwa kuwa anaimiliki, na katazo la viza linamgusa. Ajue sheria nne na ajue sefu ilipo. Namba ibaki kwako.