Kabla hujafomati Linux yako, zitafute faili za nukta

Ukiona mtu Ngamiani, hapa Tanga, anafomati kompyuta Ijumaa saa tisa mchana, wateja wamejaa kibarazani, ujue ni mimi wa zamani. Wewe usinifuate. Chagua siku duka limefungwa na hakuna anayesubiri karatasi. Chaji laptopu ijae, maana masika umeme hauna ahadi, na diski ikizimika katikati ya kuandika unaanza upya.

Tafuta diski ya nje ya kuwekea bakapu, yaani nakala ya akiba ya vitu vyako vyote, pamoja na faili za nukta, zile zilizofichwa ambazo jina lake linaanza na nukta. Flashi usiitegemee kwa kazi hii. Kwenye meza ya stesheneri flashi ni waja leo waondoka leo, na nyingine zimeandikwa GB 128 kumbe ndani hazifiki hata robo: zinapokea faili zako kwa adabu zote, kisha zinazimeza.

Diski yenyewe ifomati kwa ext4, mpangilio wa faili wa Linux, si FAT32 iliyozoeleka kwenye flashi. Najua utabisha, kwa sababu diski inayosomeka Windows ina raha yake. Lakini FAT32 haipokei faili moja inayofika GB 4, wala haihifadhi faili ni ya nani na nani ameruhusiwa kuisoma. Kijana mmoja wa Chumbageni alirudisha folda yake ya .ssh, yenye funguo za kuingilia kompyuta za mbali, kutoka kwenye diski ya namna hiyo, ssh ikaukataa ufunguo wake kwa madai kwamba uko wazi kwa kila mtu. Dawa ilikuwa `chmod 600`, neno moja tu, ila tulipoteza jioni nzima kwa sababu wote wawili hatukuusoma ule ujumbe hadi mwisho. Kama huna budi diski isomeke Windows, iwe exFAT, na vitu vyako vifunge kwanza ndani ya faili moja ya tar, kama kifurushi. Ndani ya tar ruhusa zinabaki salama.

Kwa Linux za Ubuntu, Debian au Mint, fungua terminal, dirisha la kuandikia amri, upate orodha ya programu ulizoweka: `apt-mark showmanual > programu.txt`. Sekunde moja.

Njia za mkato za kibodi, paneli, na ile saa uliyoihamisha kona ya kushoto: kama desktopu yako ni GNOME au Cinnamon, `dconf dump / > dconf.txt`. Kuirudisha ni `dconf load / < dconf.txt`.

Nakili /etc yote, folda ya mipangilio ya mfumo, na uinakili kama root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, la sivyo baadhi ya faili zitakugomea. Humo ndimo mipangilio ya printa inapokaa, kwenye /etc/cups. Ila siku ya kurudisha usiimwage /etc ya zamani juu ya mpya. Chukua kimoja kimoja unachokijua. Hasa faili ya fstab iache: inazitaja patisheni kwa UUID, namba ya utambulisho wa kila patisheni, na ukifomati UUID hubadilika. Ukiirudisha ya zamani, kompyuta itawaka, itatafuta patisheni isiyokuwepo, kisha itakuacha kwenye skrini nyeusi ya dharura.

Usisahau /usr/local/bin kama una skripti zako, na ratiba ya kazi zinazojiendesha zenyewe: `crontab -l > cron.txt`.

Sasa nyumbani, yaani /home. Hapa ndipo nilipoungua, kwa hiyo kaa kitako.

Kompyuta yangu ilikuwa nzima. Nilitaka tu toleo jipya. Kazi yangu ni kuchapa: mikataba ya mauziano ya viwanja, kadi za michango ya harusi, barua za kuomba kazi, mitihani ya madrasa. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimeifundisha LibreOffice mji huu. Chongoleani, Mabokweni, Kisosora, Mwanzange, majina ya watu ya Kidigo na Kibondei, kila lilipopigiwa mstari mwekundu mimi nililiongeza kwenye kamusi. Nilikuwa pia na vifupisho: naandika mk, nabonyeza F3, unatoka mkataba mzima wa kiwanja na nafasi za mashahidi wanne. Na kwa ajili ya Ustadhi mmoja, ambaye maelezo yake ya tajwidi huyaandika kwa herufi za Kilatini, nilitengeneza faili ya .XCompose: nabonyeza kitufe kimoja, kisha h mara mbili, inatoka ḥ yenye nukta chini. S nayo hivyo hivyo, na ṭ, na ḍ.

Siku hiyo nikaandika amri hii, kwa kujiamini kabisa (duka ni jina langu la mtumiaji, BAKAPU ni diski ya nje):

`cp -r /home/duka/* /media/duka/BAKAPU/`

Nikafungua diski kukagua. Nyaraka zipo. Picha zipo. Folda ya wateja ipo, hata mikataba ya miaka ya nyuma inafunguka. Nikafomati.

Jumatatu nikafungua LibreOffice, nikaita mkataba wa mteja wa Kisosora. Ukurasa mzima mistari myekundu, kama mwalimu kapita nao. Nikaandika mk, nikabonyeza F3. Ikabaki mk. Nikadhani labda nimekosea kitufe. Kabla sijakaa sawa akaingia Ustadhi na mtihani wake, nikamchapia ukurasa wa kwanza, akauinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Kijana, mbona ḥaa yangu haina nukta? Hii umeigeuza haa nyingine kabisa."

"Ustadhi, naomba uniachie hadi kesho."

"Kesho ndiyo mtihani wenyewe."

Ilikuwaje? Linux huificha kila faili au folda ambayo jina lake linaanza na nukta: .config, .local, .mozilla, .thunderbird, .ssh, .XCompose. Na ile nyota kwenye amri yangu, isipoambiwa vinginevyo, haichukui majina yanayoanza na nukta. Kamusi yangu ilikuwa ndani ya .config/libreoffice/4/user/wordbook, faili inaitwa standard.dic. Vifupisho vilikuwa jirani yake, kwenye autotext. Fonti za Kiarabu nilizoziongeza zilikuwa .local/share/fonts. Hakuna hata kimoja kilichonakiliwa, na nilipokagua sikuona pengo, kwa sababu hata kwenye kompyuta ya zamani sikuwahi kuviona. Nukta moja mwanzoni mwa jina la faili ikala nukta zote za Ustadhi.

Mtihani ule alizitia nukta kwa kalamu, nakala moja ya mwanzo, kisha nikatoa fotokopi. Pesa nilikataa kuchukua. Mikataba niliiokoa kwa kuchukua ya zamani na kuigeuza kuwa vifupisho upya. Kamusi haikurudi. Hadi leo huwa nakutana na jina nasema, hili nilishaliongeza.

Kinachouma zaidi, standard.dic ni faili ya maandishi ya kawaida, neno moja kila mstari. Ingeingia hata kwenye baruapepe.

Kwa hiyo, kwenye dirisha la mafaili bonyeza Ctrl+H ndiyo uyaone yaliyofichwa. Na nyota achana nayo, tumia:

`rsync -aAXH --exclude=.cache /home/duka/ /media/duka/BAKAPU/home/`

Mkwaju (/) wa mwisho baada ya neno duka una maana: unasema chukua vilivyomo ndani, vyote, vya nukta na visivyo vya nukta. Tanguliza kwanza `--dry-run` uone kitakachotokea. Na `--delete` usiiweke hadi uijue vizuri. Ulichofuta asubuhi kwa bahati mbaya, jioni itakifuta na kwenye bakapu.

Funga Firefox na Thunderbird kabla ya kunakili, zisiwe zinaandika huku unasoma. Nywila zilizohifadhiwa Firefox zinahitaji faili mbili pamoja, logins.json na key4.db, ukichukua moja umechukua kufuli bila ufunguo. Na kama Ubuntu yako ni 22.04 au mpya zaidi, Firefox iliyokuja nayo ni ya snap, aina nyingine ya kifurushi cha programu: vitu vyake viko kwenye folda ya snap, usitafute .mozilla ya juu ukaingiwa na hofu.

Wa Mint watasema wana Timeshift, programu ya kuhifadhi hali ya mfumo. Ni nzuri, lakini bila kuigusa inaacha /home nje. Kazi yake ni kuurudisha mfumo, si wewe. Kuna sehemu ya kuchagua faili zilizofichwa nazo ziingie, iende uichague.

Kwenye mfumo mpya tumia jina lile lile la mtumiaji. Mipangilio mingi imeandika njia kamili, /home/duka hivi na hivi, na ukijiita jina jingine itatafuta nyumba iliyohamwa.

Halafu jaribu kabla hujafomati. Tengeneza mtumiaji wa pili, mwite jaribio, mrudishie faili zile kutoka kwenye diski, zifanye ziwe zake kwa `chown -R`, ingia kama yeye. Fungua LibreOffice. Andika kile kifupisho chako. Kama hakitoki, bado una kompyuta ya zamani mkononi na hakuna kilichoharibika.

Toa diski kwa utaratibu, usiichomoe tu. Andika tarehe juu yake kwa kalamu isiyofutika. Usiiache dukani pamoja na kompyuta, mwizi hachagui. Nyumbani ifunge ndani ya mfuko, kwa sababu hewa ya chumvi ya huku inakula hadi misumari ya bati. Watoto wasiitumie kuwekea katuni. Na mtu akikwambia "nipe nikufanyie chap chap, dakika kumi tu," muulize kwanza ataandika amri gani, na uitazame kama ina nyota.