Maumivu ya mgongo: pa kunyoosha na pa kukaza

Mgongo ukikaza, wengi huinama mpaka vidole viguse sakafu wakiamini wanaulegeza. Nafuu huja kwa dakika chache, kisha maumivu yanarudi pale pale. Kiuno cha mtu wa kazi hakina upungufu wa kukunjwa. Kinakunjwa kutwa nzima kwenye kiti cha ofisi, kwenye pikipiki, juu ya beseni la nguo na nyuma ya jembe la mpini mfupi. Panapohitaji kunyooshwa ni nyonga na mapaja. Panapohitaji kukazwa ni misuli inayouzunguka uti wa mgongo: ya tumbo, ya ubavuni na ya makalio. Ukizingatia hilo, dakika kama 20 kwa siku, mkeka na kanga moja vinakutosha.

Nani asianze

Maumivu mengi ya kiuno hayatokani na ugonjwa mkubwa, na hupungua ndani ya wiki chache mtu akiendelea kutembea na kufanya kazi nyepesi. Kulala kitandani siku nyingi kunachelewesha kupona. Lakini nenda hospitali siku hiyo hiyo kama mkojo unakataa kutoka au unatoka wenyewe, choo kinatoka bila kujijua, una ganzi sehemu za siri na katikati ya mapaja, au mguu unaishiwa nguvu. Muone daktari pia ikiwa maumivu yameanza baada ya kuanguka au ajali, au yanaambatana na homa, jasho la usiku, au kukonda bila sababu. Kifua kikuu hushika hata uti wa mgongo, na kinaweza kumshika mtu asiyekohoa kabisa. Maumivu ya upande mmoja chini ya mbavu, pamoja na homa au mkojo unaochoma, mara nyingi ni ya figo, na mazoezi hayatayatibu.

Saa ya kufanya

Usifanye mara tu unapoamka. Usiku diski zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo hunyonya maji na kujaa, kwa hiyo kuinama katika saa ya kwanza ya asubuhi huzibana kuliko wakati mwingine wowote. Ndiyo sababu kufagia uwanja alfajiri kwa ufagio mfupi wa chelewa huwaumiza wengi. Tembeatembea kwanza, kazi za kuinama zingoje kidogo.

Anza kwa kuamsha mgongo. Piga magoti, weka viganja chini, pandisha mgongo juu taratibu huku kichwa kikishuka, kisha shusha tumbo huku kichwa kikiinuka. Mara 6 hadi 8. Ni zoezi la kulainisha, usisukume mpaka mwisho.

Kunyoosha

Mbele ya nyonga hufupika kwa kukaa sana. Weka goti la kulia juu ya mto, mguu wa kushoto mbele, wayo wote chini. Kaza tako la kulia *kabla* ya kusogea, kisha sogeza nyonga mbele sentimita chache tu. Shikilia sekunde 30, mara 2 kila upande. Wengi hujisukuma mbele kwa nguvu na kubinua kiuno. Hapo mvutano unahama nyonga na kuingia mgongoni, wakainuka wanaumwa zaidi kuliko walivyoanza.

Nyuma ya paja, lala chali, kunja mguu mmoja, pitisha kanga kwenye wayo wa mguu mwingine na uuvute juu, goti likiwa limelegea kidogo. Sekunde 30, mara 2. Mvuto wa paja ni sawa. Ukihisi shoti au ganzi inayoshuka chini ya goti, ni mshipa wa fahamu unaovutwa, si msuli. Acha zoezi hilo.

Kukaza

Stuart McGill, aliyekuwa mtafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada, alichagua mazoezi matatu yanayofanyisha misuli kazi bila kuulemea uti wa mgongo. Kila mshikilio ni sekunde 10, si zaidi, na pumzi isizuiwe. Fanya mara 6, pumzika nusu dakika, mara 4, pumzika, kisha mara 2. Ukipata nguvu ongeza marudio, usiongeze sekunde. Mgongo unahitaji misuli isiyochoka mapema, nao uvumilivu huo hujengwa kidogo kidogo kila siku.

*Kuinua kichwa.* Lala chali, goti moja limekunjwa, mguu mwingine umenyooka. Weka viganja chini ya kiuno ili uwazi wake usipotee. Kaza tumbo kama unayesubiri kupigwa ngumi, kisha inua kichwa na mabega kiasi cha kandambili kupita chini yake. Hapo ndipo mwisho. Ukijikunja mpaka kukaa, unazibana diski zile zile unazotaka kuzilinda. Badilisha mguu katikati ya kila seti, yaani kila fungu la marudio.

*Daraja la ubavu.* Lala ubavu, kiwiko chini ya bega, magoti yamekunjwa. Inua nyonga mpaka bega, nyonga na goti vikae mstari mmoja. Bega likiuma, angalia kiwiko: mara nyingi kimekwenda mbali na mwili. Ukimaliza seti bila kutetemeka, nyoosha miguu.

*Mkono na mguu.* Ukiwa umepiga magoti na mikono, nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, usawa wa mgongo, kisha badilisha. Kosa la kawaida ni kupandisha mguu juu mno, kiuno kikabonyea na nyonga ikageuka. Weka kikombe cha plastiki chenye maji juu ya kiuno. Yakimwagika, shusha mguu kidogo.

Ongeza daraja la makalio: lala chali, magoti juu, sukuma visigino, inua nyonga mara 10. Msuli wa nyuma ya paja ukikakamaa, visigino viko mbali, vivute karibu na makalio.

Kuinama na kubeba

Mazoezi yote haya yanapotea kama unaokota ndoo vibaya mara ishirini kwa siku. Shika mpini wa ufagio nyuma yako uguse kisogo, katikati ya mabega na mfupa wa mkia. Legeza magoti, sukuma makalio nyuma, inama. Mpini ukiachana na sehemu yoyote kati ya hizo tatu, mgongo umekunjika. Rudia mara 10 kila siku mpaka mwili uzoee kuinamia nyongani.

Ndoo ya lita 20 iliyojaa maji ina uzito wa kilo 20 hivi, na mzigo unaoufikia mgongo huongezeka sana kadiri unavyoishika mbali na mwili. Ivute kwanza ikaribie miguu, ndipo uinue, na ugeuke kwa miguu, si kwa kiuno. Madumu mawili ya lita 10, moja kila mkono, ni bora kuliko moja la lita 20 upande mmoja. Kwa jembe, mpini mrefu na kubadilisha mkono wa mbele vinasaidia. Dereva na mtu wa ofisi wasimame na kutembea dakika 2 kila nusu saa ikiwezekana.

Maumivu yakizidi

Lala kifudifudi dakika 2, kisha egemea viwiko dakika 2. Kama maumivu yalishuka mguuni, yakiondoka huko na kupanda kuelekea kiunoni, endelea, ni dalili njema hata kama kiuno chenyewe kinauma kidogo zaidi. Yakishuka kuelekea unyayoni, acha. Wazee ambao miguu huuma wakitembea na kupoa wakikaa mara nyingi hawapendezwi na mkao huo. Wao walale chali wavute magoti kifuani.

Maumivu madogo wakati wa zoezi yanavumilika iwapo kesho yake asubuhi umerudi ulivyokuwa. Ukiamka vibaya zaidi, punguza marudio kwa nusu, usiache kabisa. Wiki 6 zikipita bila badiliko lolote, muone mtaalamu wa fiziotherapia, na umwonyeshe mazoezi yote jinsi unavyoyafanya.