Tope na mawe vilishuka mlimani mwaka gani? Uliza miti

Tangu tope lishuke toka mlima Hanang, Tanzania, likaingia mji wa Katesh ile Desemba 3, 2023, swali halinitoki kichwani: utajuaje mlima uliwahi kumwaga kabla? Njia inayokupa hadi mwaka wenyewe ni pete za miti, ile miduara ndani ya shina, mmoja kila mwaka. Kule korongo la Ritigraben, Valais nchini Uswisi, watafiti wamesoma miti zaidi ya elfu moja wakapata matukio ya tope zaidi ya 100 tangu karne ya 16.

Anza chini ya korongo pale mawe yanapotandazwa, chora matuta na njia za zamani, halafu tafuta miti iliyoumia, yenye makovu, iliyoinama, iliyofukiwa shina. Kule Ritigraben kuna lachi, ndugu wa msonobari ila unapukutisha majani. Unatoboa kwa keekee yenye uwazi katikati, inatoka na kijiti chembamba kuliko penseli. Mti ulioinama toboa juu na chini, upande wa chini pete huwa nene na zimekoza rangi. Wenye kovu toboa pembeni yake, katikati pete zimekatika.

Kijiti hicho kipige msasa hadi king'ae, kiweke kwenye hadubini. Hapa ndo pazuri sasa, lachi ukigongwa na jiwe unaweka mstari wa vitundu vya utomvu, na mahali vilipokaa ndani ya pete panakupa hadi msimu. Vikiwa katikati au karibu na mwisho, mti uligongwa kiangazi cha Ulaya, majira ya joto, hapo tope linaingia akilini. Vikiwa mwanzo kabisa uligongwa umelala, kati ya Oktoba na Mei, shuku poromoko la theluji kwanza.

Angalia sana hili: kuna kiwavi aliyekuwa akila majani ya lachi kila miaka 8 hadi 10 hivi hadi miaka ya 1980, pete zinakuwa nyembamba bonde zima, ukiwa na haraka utasema shina lilifukiwa, maana mti uliofukiwa nao huweka pete nyembamba. Ndo maana lazima utoboe pia miti mizima mbali na njia ya tope ulinganishe, na usikubali mwaka kwa ushahidi wa mti mmoja tu.

Kwetu miti mingi haiweki pete za mwaka za kuaminika, so kwa Hanang ningechimba ukuta wa korongo nitafute mkaa chini ya tabaka la tope, upimwe kwa redio-kaboni, kipimo cha umri wa vitu vilivyowahi kuwa hai, tope litakuwa changa kuliko mkaa huo. Ila vitu vya baada ya 1650 hivi majibu yake huja na miaka mingi inayowezekana, hapo kaa na wazee wa kijiji, uwaulize walikuwa na umri gani korongo lilipohama.