Jino likiuma huku Amu (Lamu): jua utafanyiwa nini kabla hujakaa kwenye kile kiti

Watu wengi huku kwetu tiba ya jino waijua moja tu, kung'oa. Jino laanza kuuma, mtu atia karafuu, ameza panadol, avumilia miezi, mpaka siku shavu limefura ndipo apanda boti kutoka Faza ama Kizingitini, kisiwani Pate, kuja Amu mjini, na akifika kwa daktari neno la kwanza ni "ning'oe tu nipumzike". Daktari naye ana watu wamejaa nje wamngoja, atang'oa. Nawaomba sana ndugu zangu, kabla ya kulitoa hilo neno muulize kwanza: daktari, hili jino laweza kuokolewa? Jibu litategemea shimo limefika wapi.

Jino juu lina ganda gumu sana, enameli, na hilo halina fahamu, kwa hivo shimo likiwa changa hutahisi kitu kabisa. Chini yake kuna dentini, likifika hapo ndio waanza kushtuka ukinywa maji ya friji ama ukila halua. Katikati kabisa kuna nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu, na vijidudu vikishaingia humo ndio hulali usiku, jino lapwita lenyewe hata hujatia kitu mdomoni.

Shimo likiwa bado halijafika kwenye ile nyama, ni kuziba tu. Atakudunga sindano ya ganzi, atachimba ile sehemu iliyooza, atasafisha na kujaza. Siku hizi wengi hujaza kwa dawa ya rangi ya jino ambayo hukaushwa kwa taa ya buluu papo hapo, kwa hivo ganzi ikitoka waweza kula. Ile ya fedha ya zamani yataka kama siku moja usiitafunie kitu kigumu. Kuna pia kuziba kwa muda, na ile harufu ya karafuu unayoisikia kliniki si dhana, ni mafuta ya karafuu kweli yamechanganywa na unga wa zinki, yapoza maumivu. Sasa hapa ndipo watu wengi wapotea: maumivu yakiisha hawarudi. Ile dawa ya muda haikutengenezwa ikae, italiwa, itavuja, na vijidudu vitaendelea kazi chini kwa chini. Ukiambiwa rudi baada ya wiki mbili, rudi.

Ganzi yenyewe isikutie hofu. Sindano yachoma sekunde chache, moyo waweza kupiga mbio kidogo kwa sababu ganzi nyingi zina adrenalini, kisha watulia. Mdomo utabaki mzito masaa mawili matatu, wakati mwingine manne, usinywe chai ya moto wala kahawa tungu mpaka urudi sawa, na mtoto umchunge manake atatafuna mdomo wake mpaka autoe damu bila kujua. Ukisikia uchungu wakati wa kazi nyanyua mkono, ni haki yako kuongezewa. Jino lenye usaha mwingi huwa gumu kushika ganzi, ndio maana pengine daktari ataanza kwa kutoa usaha na kukupa dawa kisha akuite tena, si kwamba akuzungusha.

Shimo likishafika kwenye nyama ya ndani, kuziba peke yake hakusaidii. Hapo kuna njia mbili, ruti kanali ama kung'oa. Ruti kanali yaogopwa bure. Kazi yake ni kuitoa ile nyama iliyooza ndani ya mizizi kwa vijisindano vyembamba, kuisafisha mizizi kwa dawa, kupiga eksirei, halafu kuijaza na kuifunga, na jino labaki pale pale latafuna. Wafanyiwa kwa ganzi, na hayo maumivu wanayoyasimulia watu mara nyingi ni ya jino kabla halijatibiwa. Jino la mbele lina mzizi mmoja, pengine lakwisha siku moja, magego yana mizizi miwili mitatu na huenda ukarudi mara kadhaa. Kwa mtu wa Pate hili si dogo, boti zafuata maji kupwa na kujaa na nauli ni nauli, kwa hivo mwambie daktari watoka wapi tangu siku ya kwanza, muulize ni mara ngapi, ni nini chaweza kumalizwa siku moja, na bei ya yote pamoja mpaka kofia ya mwisho, kile kifuniko kigumu kinachovishwa juu ya jino. Kofia musiiache, hasa kwa jego, manake jino lililofanyiwa ruti kanali huwa rahisi kupasuka bila kufunikwa. Mtu alipa pesa zote zile kisha jego lapasuka kwa kuvunja mfupa, yauma sana. Na kama huku haifanywi wakati huo, omba barua ya rufaa, ujue wafanya mpango wa Malindi ama Mombasa.

Kung'oa nako kuna wakati wake: jino limevunjika mpaka chini, limelegea, ama jego la mwisho limelala upande lasukuma wenziwe. Utasikia kusukumwa na kukandamizwa, si uchungu. Baadaye ng'ata ile gozi, kile kitambaa cheupe utakachowekewa juu ya shimo, kwa nguvu nusu saa mpaka saa moja bila kuitoatoa kuangalia. Lile donge la damu linaloganda kwenye shimo ndio dawa yenyewe. Masaa 24 usisukutue, usiteme teme, usivute sigara, usinywe soda kwa mrija, kula vitu laini vilivyopoa. Kesho yake ndio uanze maji ya uvuguvugu na chumvi, taratibu. Maumivu yakipungua kisha siku ya pili ya tatu yarudi makali mpaka sikioni na mdomo wanuka, donge limetoka, rudi ukaoshwe na kutiwa dawa, usikae nyumbani na panadol.

Na hii ya kununua antibayotiki dukani vidonge vinne vitano, tuiacheni. Zile dawa hazizibi shimo wala hazitoi nyama iliyooza, zatuliza tu kwa muda, jino larudi vile vile na pengine dawa yenyewe safari nyingine isifanye kazi. Aspirini ya kusaga ukaiweka juu ya jino nayo yachoma ufizi. Lakini ukiwa na uvimbe unaoshuka shingoni, homa, huwezi kufungua mdomo, kumeza ama kupumua kwashinda, hiyo si ya kungoja miadi, ni hospitali usiku huo huo hata kama ni kukodi boti, manake yaua.

Kabla hajaanza mwambie kila kitu: sukari, presha, mimba, tatizo la valvu ya moyo, mzio wa penisilini, dawa za kulainisha damu kama wafarini. Hizi za damu usiziwache kwa kichwa chako, aamue daktari. Mja mzito atibiwa, miezi ya katikati ndio mizuri zaidi, na usaha mdomoni ni mbaya kwake kuliko sindano. Kula kabla ya kwenda kama ni ganzi ya kawaida. Ramadhani ikikaribia, nenda Shaabani umalize, usingoje jino likuamkie kati ya saumu.

Kusafisha meno kwa daktari ni kule kukwangua ukoga uliogeuka jiwe, mswaki hauutoi, wa dukani wala wa mti. Fizi zitauma na kutoka damu kidogo siku chache, ni kawaida. Wanaokula tambuu na tumbaku waombe daktari awaangalie mdomo mzima siku hiyo hiyo, na kidonda ama baka jeupe lililozidi wiki mbili halijapona lisingojwe.

La mwisho ni la wazazi, watoto wanaoruka majini pale gatini kila jioni. Jino la ukubwani liking'oka lote kwa kugonga, lishike kwa upande wa kutafunia, usiguse mzizi, usilisugue. Lioshe kidogo kwa maziwa ama maji safi, lirudishe kwenye shimo lake ang'ate kitambaa, ukishindwa litie kwenye kikombe cha maziwa baridi, ukimbie kwa daktari, nusu saa ya kwanza ndio yenye matumaini makubwa. Likiwa jino la utoto usilirudishe, utaumiza lile linaloota chini yake, ila mpeleke aangaliwe.