Kamera Tumboni kwa Mgonjwa wa Kuhara Kusikokoma

Mgonjwa akiniambia anahara zaidi ya wiki 4, sikimbilii kamera. Choo kiende maabara kwanza, kitafutwe vimelea vya amiba na jiadia. Hapa Malindi wengine safari yao huishia hapo.

Ikibidi kamera ya juu, ile ipitayo mdomoni, usimkataze mahamri wala chapati siku za kabla. Akiacha ngano, ugonjwa wa siliaki, ambapo ngano huufanya mwili uharibu utumbo mwembamba, hujificha. Ukifika duodenamu, mwanzo wa utumbo mwembamba, fyonza hewa, kisha mimina maji. Vijidole vya ukuta huinuka na kuyumba kama mwani maji yanapojaa (mtoto wa pwani hapa hahitaji kitabu). Ukiona ukuta mtupu, shuku. Washa mwanga mwembamba: buluu ya nanomita 415 na kijani cha 540. Damu huinyonya miale hiyo, kwa hivyo mishipa hujichora wazi. Kata vinyama 4 vya kupima sehemu ya pili ya duodenamu, na kimoja au viwili kwenye balbu, sehemu yake ya kwanza.

Kamera ya chini, ile ipitayo njia ya haja kubwa, yataka haluli inywewe yote, nusu usiku, nusu alfajiri.

Sasa kosa langu. Mwaka wa kwanza nilitazama utumbo mpana wa mama mmoja: waridi, unang'aa. Nikamwambia, "Mama, huna kitu." Sikukata hata kinyama kimoja. Akarudi na kuhara kule kule. Kolaitisi ya mikroskopu, uvimbe wa utumbo mpana unaoonekana kwa darubini tu, haionekani kwa kamera, hata iwe ya bei gani. Siku hizi nakata kulia na kushoto, chupa mbalimbali, na ukuta ukiwa mzuri ndipo nakata bila kusita.